Hesabu Mpaka Nane

Nilifika Dallas mwezi wa sita 2011, na watu wa huku mpaka leo wanautaja mwaka huo kwa joto lake. Siku 71 zilifika au kupita nyuzi 100 za Fahrenheit, yaani karibu 38 za Selsiasi, na 40 kati yake zilifuatana bila kukatika hata siku moja. Mimi ni mtoto wa Naivasha. Ziwa letu liko juu, zaidi ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi wavuvi hutoka wamevaa makoti. Sikuwa nimewahi kuona maji ya ziwa yenye uvuguvugu kama ya kuogea mtoto.

Kiangazi kilichofuata nilinunua fimbo ya kuvulia samaki, rili ya kukunjia mshipi na pakiti mbili za minyoo ya plastiki ya chambo, nikaenda ziwa la Joe Pool, kusini magharibi mwa mji, upande wa hifadhi ya jimbo ya Cedar Hill. Nilipapenda kwa sababu moja kubwa: ukivulia ukingoni au kwenye gati ndani ya hifadhi za jimbo la Texas hudaiwi leseni ya uvuvi. Unalipa kiingilio cha langoni tu. Kwa mtu anayeanza maisha, hilo ni jambo.

Nilienda Jumamosi nne, zote saa sita mchana, kwa kuwa huo ndio muda niliokuwa nimeshaamka baada ya zamu ya usiku ghalani. Nilirusha mbali kadiri ya nguvu zangu, nikavuta haraka, nikarusha tena. Mkono uliuma, shingo iliungua, na sikugusa samaki hata mmoja. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba samaki akiona kitu kinakimbia atakifukuza. Labda mwezi wa nne angekifukuza. Mwezi wa saba hakifukuzi kitu.

Jumamosi ya tano niliunganisha kutoka kazini bila kulala, nikawa langoni mapema. Gatini nilimkuta mzee mmoja wa Kimarekani, mweusi, amekalia ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Hakuwa akirusha mbali. Alikuwa anautupa mnyoo wake hatua chache tu kando ya nguzo za gati, mkono mmoja, kama mtu anayeangusha barua kwenye sanduku. Kisha anakaa. Mshipi wake ulilegea juu ya maji, naye anautazama huo mshipi wala si maji. Katika muda niliokunywa kikombe kimoja cha kahawa alitoa samaki wawili, akawarudisha wote.

Nilimsalimu, nikamwambia nimeshakuja mara nne na sijapata kitu. Akaniomba nimwonyeshe nilivyofunga. Akaushika mnyoo wangu, akauinua kwenye mwanga, akaurudisha mkononi mwangu.

"Umepinda," alisema. "Ukipinda, unazunguka majini. Hakuna mnyoo duniani unaozunguka namna hiyo."

Somo hilo la kwanza nalieleza polepole, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea na hawajui kwamba wamepotea. Mfungo wenyewe unaitwa mfungo wa Texas. Mshipi unapita kwanza katika risasi, yaani kizito kidogo cha kuzamisha chenye umbo la koni, ncha ikitazama juu. Gramu 5 mpaka 7 zinatosha kwa maji ya kina cha kawaida. Kisha unafunga ndoano yenye kiwiko shingoni, ile inayopinda kidogo mara mbili chini ya tundu lake. Fundo ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana uzi mkavu unajichoma wenyewe unaposuguana. Ncha ya ndoano unaichoma katikati ya kichwa cha mnyoo, unaipeleka ndani kiasi cha nusu sentimita tu, unaitoa upande wa chini. Unauteleza mnyoo mpaka kichwa chake kikae kwenye kile kiwiko, unaigeuza ndoano, halafu unauacha mnyoo uning'inie wenyewe kando ya ndoano. Tazama mahali kipindo cha ndoano kinapougusa mwili. Hapo ndipo pa kuchoma, wala si sentimita moja juu au chini. Ukichoma chini mno mnyoo unavutika na kukakamaa. Ukichoma juu mno unakunjika tumboni. Ncha ipite mpaka mgongoni, kisha uirudishe kidogo ijifiche chini ya ngozi ya plastiki. Ukimaliza, mnyoo uwe umenyooka kama penseli.

Ile ncha iliyojificha ndiyo siri ya mfungo wote. Besi, yule samaki tunayemtafuta, anaishi ndani ya magugu, kwenye matawi yaliyozama, chini ya magati. Ndoano iliyo wazi ingenasa kila kitu isipokuwa yeye. Hii inapita katikati ya takataka zote hizo bila kushika, na inatoka kwenye plastiki pale tu samaki anapouma na wewe ukavuta.

Minyoo hii si ya zamani sana. Nick Creme wa Akron, Ohio, ndiye aliyeitengeneza mwaka 1949, yeye na mkewe wakipika mchanganyiko wa plastiki nyumbani kwao mpaka wakapata ulaini waliotaka. Baadaye kiwanda chao kilihamia Tyler, mashariki mwa Texas, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapa nilipo. Kabla yao vyambo bandia vilikuwa vya mbao, chuma au mpira mgumu. Samaki akiuma mbao anagundua papo hapo na kutema. Plastiki laini anaing'ang'ania kwa nukta kadhaa zaidi, na nukta hizo ndizo zinazokupa nafasi.

Mzee alipomaliza kunifungia upya, alinifundisha kitu cha pili: kuhesabu. "Tupa pale," alisema, "halafu usifanye lolote. Hesabu." Mnyoo ulipogusa maji nilihesabu taratibu mpaka mshipi ukalegea: nane. Kwa hiyo chini pale ni nane. "Ukitupa tena ukafika tano mshipi ukasimama, au ukaenda pembeni, huo si mchanga. Mchanga hausogei kuja juu."

Nilitupa tena. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye sita mshipi ulianza kutembea kushoto, polepole, kama uzi unaovutwa na mtoto chini ya mlango. Sikuhisi chochote mkononi. Nilikusanya ulegevu, nikainua fimbo, na ilipinda mpaka mpini. Alikuwa besi wa kiasi cha pauni mbili, mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo ule ambao taya lake linapita nyuma ya jicho. Nilimtambua kabla hata sijamshika. Nimekua nikimwona.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu, na samaki huyu tulimla utotoni. Sikujua kwamba kwao ni huku. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, ili watu wapate samaki wa kuvua kwa fimbo, na baadaye akaingia kwenye uvuvi wa biashara pamoja na perege. Mama alipompasua, tumboni alikuwa amejaa kreifishi, wale kamba wekundu wa maji yasiyo na chumvi, wenye koleo. Nao kumbe asili yao ni Louisiana, jimbo linalopakana na hili. Waliingizwa ziwani kwetu mwaka 1970. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo nikicheza na koleo nyekundu kwenye karai la mama, nilikuwa nikicheza na vitu vya nchi hii niliyopo sasa. Jambo hilo bado linanigusa kila nikilifikiria. Baadaye kule nyavu zilianza kutoa zaidi samaki mwingine aitwaye kapu, na besi akapungua sana. Nilimpigia Baba nikamwambia nimempata samaki wetu. Akaniuliza swali moja: "Umempata kivulini?"

Nilikuwa nimempata kivulini. Baba alikuwa akisema besi hulala ukingoni mwa mafunjo, penye giza, akingoja kinachopita mlangoni pake. Nyavu zake alizitega sambamba na mafunjo kwa sababu hiyo. Miaka ishirini baadaye mzee wa gatini alinieleza jambo lilelile, isipokuwa yeye hakuwa na mafunjo bali nguzo.

Ila kuna kitu ambacho Naivasha haikunifundisha, kwa kuwa Naivasha haina kiangazi cha joto kama hiki. Maji yake hayachemki hivi. Hapa Texas, maji ya juu yakishapata joto la kiangazi, ziwa linajigawa. Juu kunakaa maji ya moto mepesi, chini maji baridi mazito, na tabaka hizo hazichanganyiki mpaka msimu wa baridi ukaribie. Unaweza kudhani samaki atakimbilia chini kabisa penye ubaridi. Hawezi. Kule chini majani na uchafu vinavyooza vinamaliza oksijeni, na hakuna upepo unaofika kuirudisha. Yule samaki amebanwa katikati: juu kuna joto, chini hakuna pumzi. Na maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Wakati huohuo mwili wake, kwa kuwa ni wa damu baridi, unakwenda mbio kwa lile joto na unataka chakula. Ndiyo maana anakula, tena anakula sana, lakini kwa muda mfupi, alfajiri na jioni, na saa nyingine zote anatulia mahali ambapo hatumii nguvu. Ukimletea chakula mbele ya mdomo atakipokea. Ukimtaka akikimbize juani, atakiacha kipite.

Nilipoelewa hivyo ratiba yangu ilibadilika. Zamu inaisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, naenda moja kwa moja ziwani. Saa ya kwanza, kabla jua halijapanda, besi wako karibu, pembeni mwa magugu, kwenye maji ya kufika kiunoni. Hapo natumia mnyoo mnene usio na risasi kabisa, ule uliojazwa chumvi ndani ili uwe mzito wenyewe. Ndoano naichoma katikati ya mwili, ncha zote mbili zinabaki zinaning'inia. Ukizama unatetemeka pande zote mbili, polepole, bila wewe kufanya kitu. Sijaona chambo kinachohitaji ujuzi mdogo zaidi. Kinachohitaji ni moyo wa kukiacha.

Jua likipanda nahamia kwenye kivuli: chini ya gati, upande wa nyuma wa mti uliozama, kwenye kona ya mawe ambapo kina kinashuka ghafla. Hapo narudi kwenye mfungo wa Texas na mnyoo wa inchi 7, au chambo chenye umbo la kreifishi. Natupa, nahesabu, naacha ukae chini. Nainua fimbo taratibu mpaka ikaribie kusimama wima, nauacha mnyoo uanguke tena. Wakati wa kuanguka ndio wakati wa kuumwa, nadhani mara nane kati ya kumi. Wengi wetu tunautazama muda ule kama wa kusubiri kazi ianze, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Maji yakiwa safi, kijani cha malenge. Yakiwa na tope, nyeusi yenye buluu au zambarau iliyokoza. Nimeona watu wakibadilisha rangi kumi asubuhi moja huku wakisimama palepale juani. Afadhali ubadilishe mahali.

Kuumwa kwenyewe kunasomeka. Vidagaa wa huku, wale wenye doa la buluu shavuni, hudonoa mkia wa mnyoo: tkr-tkr-tkr, haraka haraka, kama kuku anayekula mtama kwenye bati. Usivute. Besi ni mguso mmoja, "tuk", kama mtu aliyekugonga begani kwa kidole kisha akanyamaza. Na mara nyingine hakuna mguso, ni mshipi tu umesimama kabla ya hesabu kutimia.

Sasa hapo kwenye kuvuta ndipo nilipofanya kosa ambalo sijalisahau. Nilikuwa nimesikia watu wakisema umwache samaki amalize kumeza kwanza. Mwezi wa nane mwaka uleule, saa tatu asubuhi, nilihisi "tuk", nikahesabu mpaka kumi nikiwa nimetulia. Nilipovuta alikuja samaki mkubwa, zaidi ya pauni nne, mkubwa kuliko wote niliokuwa nimepata. Ndoano ilikuwa imeshapita koo. Nilimlaza kwenye mbao za gati nikijaribu kuichomoa, nikaomba mtu anipige picha, simu ikawa haifunguki, tukajaribu tena. Mbao zilikuwa za moto kiasi kwamba nisingeweza kuziweka kiganja. Nilipomrudisha majini alilala ubavu. Nilipiga magoti nikamshika wima kwa robo saa, nikimsukuma taratibu mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Matamvua yalifunguka mara chache, kisha basi.

Alizidi inchi 14, kipimo cha chini cha jumla cha besi wa mdomo mkubwa hapa Texas, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumchukua. Nilimpeleka nyumbani. Nilipompasua nilikuta koleo za kreifishi, kama zile za karai la mama, na pembeni yake mnyoo wa plastiki ambao haukuwa wangu. Ulikuwa wa kijani, umevimba unene wa kidole gumba, umekakamaa kama mpira wa zamani. Kuna mtu aliuvunja, akautupa majini, na huyu samaki akauokota chini kama chakula. Sijui alikaa nao muda gani.

Tangu siku hiyo nina chupa ya plastiki kwenye mkoba. Kila mnyoo uliochanika unaingia humo, hata kipande cha mkia, na nikikuta vya wenzangu ukingoni naviokota. Navuta mara ninapohisi uzito, sihesabu tena mpaka kumi. Nikimpata samaki kiangazi namfungulia ndani ya maji kama inawezekana. Kama ni lazima kumtoa, nalowanisha mikono kwanza, namshika taya kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, na picha ni moja au hakuna. Joto likizidi sana mchana naacha kuvua. Samaki aliyechoka kwenye maji ya nyuzi 31 anaweza kuogelea akaenda mbele ya macho yako na kufa baadaye mahali usipomwona.

Jambo jingine dogo la joto: usiache minyoo ndani ya gari. Niliacha pakiti nne kwenye dashibodi nikalala mchana. Nilikuta imepinda yote kufuata umbo la pakiti, na aina mbili zilizogusana zilikuwa zimeyeyukiana zikawa uji mmoja. Plastiki za aina tofauti hazipatani. Kila moja ibaki kwenye pakiti yake, imelala imenyooka, kivulini. Mnyoo uliopinda umeshajua hatima yake.

Yule mzee nilivua naye viangazi vitatu. Nilikuwa namwita Mzee, kwa Kiswahili, naye aliniuliza maana yake, na nilipomweleza alifurahi, akawaambia na watu wengine gatini wamwite hivyo. Kiangazi cha nne ndoo yake haikuonekana. Niliuliza, nikaambiwa amehamia kwa binti yake jimbo jingine. Bado nakaa mahali pake, kwenye kona ya mashariki, ambapo kivuli cha paa kinadumu mpaka karibu saa nne.

Mwaka jana nilianza kumleta binti yangu, ana miaka tisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia tu. Ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Sikumpangia somo. Nilimwonyesha tu kutupa, nikamwambia hapa petu tunahesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo mimi ninavyohesabu nikiwa majini. Wiki za kwanza alikimbilia nane ndani ya nukta tatu, na mnyoo ulikuwa bado haujafika nusu. Nikamwambia ahesabu kama anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Akacheka, lakini alipunguza mwendo.

Asubuhi moja mwezi wa saba, jua limeshatoka na hewa tayari nzito, alitupa kando ya nguzo ya pili. Nilikuwa nimeinama nafunga ndoano yangu, namsikia nyuma yangu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Halafu kimya.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Umesimama kwenye tano."